Kardinali amesema, na siye je?

Jina la Kardinali Fridolin Ambongo linajulikana mpaka kwenye mashimo yetu. Alizaliwa mwaka 1960 upande wa Ubangi, akawa mtawa Mukapusini. Mwaka 2018 akashika jimbo kuu la Kinshasa, na mwaka 2019 Papa Fransisko akamufanya kardinali. Mbele ya ile kofia nyekundu aliongoza tume ya maaskofu ya mali ya asili, ile inayofuata namna madini, mafuta na miti ya inchi vinatumiwa. Kusema kulimuletea matatizo: mwezi wa 4, 2024, mwendesha mashtaka mkuu aliagiza achunguzwe juu ya maneno yake kuhusu usalama wa Mashariki. Hakunyamaza.

Tunamuheshimu. Lakini sifa ya mutu wa Kinshasa haitachimba kisima Manono, wala kutengeneza barabara ya Nyunzu. Sheria ya madini ya mwaka 2018 inasema kampuni inayochimba inapashwa kutoa, kwa uchache, 0,3% ya mauzo yake juu ya maendeleo ya wenyeji. Ile si sadaka, ni haki. Ni wangapi kati yetu tumesha kuuliza iko wapi?

Baba na mama wa machimbo, tuanze juma hii. Kiisha misa, kiisha ibada, kiisha swala, tubaki kidogo. Tuchague watu wetu, waende kwa chifu na kwa kampuni, waombe hesabu kwa karatasi. Kardinali hawezi kuuliza mahali petu.