Mtalii Akiwa Ni Wewe

Sisi watu wa pwani tuna lalamiko ambalo tumelirithi pamoja na milango ya nakshi na visima vya zamani: twalalamika juu ya watalii. Mimi mwenyewe nilipokuwa mtoto chuoni, tumeketi mikekani na juzuu zetu, mara nyingi dirisha liliingia giza, nasi tukiinua macho twaona kamera. Mwalimu wetu, Mungu amrehemu, hakuwa akisema neno. Aligonga bakora sakafuni ili turudi katika aya yetu. Hakuna aliyetuuliza majina wala aliyeuliza mahali pale paitwaje. Picha zile sijui ziko katika kabati gani huko Ulaya hivi leo.

Basi mambo yamegeuka. Rajabu iliyopita mtalii nilikuwa mimi.

Binti yangu ameolewa Nakuru, katika mtaa wa Bondeni. Tulikwenda kumtazama, mimi, mama watoto, dada yake mkubwa ambaye magoti yamemchoka, na mjukuu wangu wa miaka kumi. Mkwe wetu, kwa kutaka kutukirimu, akatukodia safari ya siku moja ya kwenda Ol Kokwa, kisiwa kikubwa kuliko vyote katika Ziwa Baringo, nacho ni kisiwa cha volkano. Haikuwa safari ya kusombwa pamoja na kundi la watu. Gari lilikuwa letu, boti yetu, saa zetu, na kirongozi wetu peke yetu.

Kwanza niliona ni israfu. Kwa nini watu wanne walipe boti nzima ilhali yaweza kuchukua kumi? Lakini sasa nimebadili fikira, nami nataka kuwaeleza wenzangu wa pwani kwa nini, kwani najua wengi wetu twaijua Jedda na Dubai kuliko tunavyoijua Marigat.

Safari ni kama kanzu. Iko ile ya kuning'inizwa dukani, ambayo yamwenea kila mtu wala haimkai mtu. Na iko ile ya fundi aliyekupima mabega. Kundi haliwezi kumngoja mwanamke mwenye magoti mabovu. Kundi halisimami adhuhuri ikiingia, na chakula chake hujui kimepikwa na nani. Sisi tuliondoka Nakuru baada ya alfajiri, tukapita Mogotio ambako barabara yakata mstari wa ikweta, tukafika Kampi ya Samaki jua likiwa bado pole. Tulichukua mikate yetu na chai yetu katika chupa, na mchana tukanunua samaki wa ziwani tukakaangiwa, maana samaki haulizwi nani kamchinja. Shemeji yangu alitembea hatua zake mwenyewe. Sala tulizikusuru na kuziunganisha, adhuhuri na alasiri, chini ya mgunga mmoja kisiwani. Kibla cha huko ni kaskazini kama cha kwetu Mombasa, isipokuwa wajipinda kidogo tu mkono wa kulia. Kirongozi, ambaye si Mwislamu, alisimama mbali akizuia mbuzi wasitukate mbele. Hakuambiwa na mtu afanye hivyo.

Neno hili kirongozi nalitumia kusudi. Ndilo neno la babu zetu kwa mtu aliyetangulia mbele ya msafara wa bara, aijuaye njia na maji yalipo. Na babu zetu walifika huku. Kusini ya Ziwa Baringo palikuwa na makazi ya Wailchamus, ambayo wasafiri wa zamani waliyaita Njemps, na misafara ya pwani ilipumzika hapo ikanunua nafaka, kwa sababu watu hawa walikuwa wakimwagilia mashamba yao kwa mifereji wakati nchi yote ya jirani ilikuwa ya mifugo. Mwaka 1883 Joseph Thomson alipita njia hizo. Miaka minne baadaye wakaja Count Teleki wa Hungaria na mwenzake von Höhnel, ambao Machi 1888 walifika katika ziwa la kaskazini wakalipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na jina hilo likakaa mpaka 1975 lilipoitwa Turkana. Wote hao wawili, Thomson na Teleki, walitembea kwa ujuzi wa mtu mmoja wa Pangani, mfanyabiashara wa pembe aitwaye Jumbe Kimemeta. Waulize watoto wetu wa skuli kama wamelisikia jina hilo. La Teleki wanalo, kwa kuwa hata volkano moja ya kule yaitwa kwa jina lake.

Turudi kisiwani. Sisi kisiwa cha volkano tunachokijua ni Ngazija, na wengi wetu tuna jamaa huko. Mlima wa Karthala ulipotema majivu mwaka 2005, maji ya mvua ambayo watu huyaweka katika mabirika ya majumbani yaliharibika, na habari zilifika kwetu kwa simu kabla ya redio. Ol Kokwa si kama Karthala. Ni mzee aliyelala, lakini angali akipumua. Wapanda juu ya mawe meusi na mekundu, mara wasikia mlio kama wa birika ambalo limesahauliwa jikoni, na mbele yako maji yanatokota baina ya mawe na mvuke watoka katika nyufa. Mjukuu wangu aliuliza ni nani anayeuwasha huo moto. Kirongozi akamjibu kwamba nchi hapa inapasuka polepole, upande huu wavutwa huku na upande ule kule, na moto wa chini haukai mbali. Jibu hilo lapatana na la wataalamu. Mwingereza J. W. Gregory alikuja Baringo mwaka 1893 akichunguza miamba, na ni yeye aliyelipa Bonde la Ufa jina lake la vitabuni. Moto huo huo ndio ulio chini ya Menengai, mlima unaoitazama Nakuru, na ndio unaotoa mvuke wa Olkaria ambao umezalisha umeme tangu 1981.

Kuna ajabu nyingine. Ziwa Baringo halina mto unaotoka, na ziwa la namna hiyo katika nchi ya jua kali hupaswa kuwa la chumvi, kama lilivyo Bogoria jirani yake. Lakini maji yake ni matamu, ingawa rangi yake ni ya chai ya maziwa kwa udongo unaoporomoka kutoka milimani. Wataalamu wanaamini kwamba maji hupenya chini kwa chini kupitia mawe ya volkano yaliyopasuka, yakaelekea kaskazini. Kwa hiyo ni ile volkano inayolifanya ziwa linyweke.

Tuliwaona wavuvi katika vidau vya miti myepesi iliyofungwa pamoja, wakipiga makasia madogo ya kushikwa mikononi kama sahani. Babu zetu walishona mitepe kwa kamba pasi na msumari hata mmoja. Nilitaka kukaa hapo nikitazama mpaka jioni. Tulionyeshwa pia mchezo wa kumtupia furukombe samaki ili ashuke mtoto ashangilie. Mjukuu alifurahi, mimi nilimwonea haya ndege.

Sasa nifike katika jambo lililonifanya nichukue kalamu.

Kuanzia kama 2010 ziwa hili limepanda, pamoja na maziwa mengine ya Bonde la Ufa, na kufikia 2020 lilikuwa limezimeza nyumba, skuli, zahanati, hoteli na malisho. Ripoti ya Serikali ya mwaka 2021 ilitaja mvua zilizozidi kwa kubadilika kwa hali ya hewa, na udongo unaoporomoka kutoka milimani. Ukiwa katika boti wapita kati ya migunga iliyokufa imesimama majini, myeupe kama mifupa. Katika kisiwa kimoja, Longicharo, ambacho kwanza kilikuwa rasi, twiga tisa walizingirwa na maji. Kati ya Desemba 2020 na Aprili 2021 wakavushwa mmoja baada ya mmoja katika chombo cha chuma kilichoelea juu ya mapipa matupu, na dunia nzima ikaona picha. Kirongozi wetu alitusimulia habari hii bila ya kijicho, kwani hifadhi waliyohamishiwa twiga ni ya jamii yake Wailchamus pamoja na Wapokot, na kazi ile ilikuwa fahari kwao. Alisema tu, "Twiga walihama mchana, mzee. Sisi tulihama usiku."

Kisha shemeji yangu, aliyekuwa amenyamaza tangu Kampi ya Samaki, akamuuliza, "Na nyumba ya mama yako, mwanangu, ilikuwa wapi?"

Hilo halikuwamo katika ratiba. Kijana akageuza boti, akaenda kama dakika kumi, akazima injini. Palikuwa na maji matupu na ncha za miti. Akasema hapa ndipo. Mjukuu wangu, mtoto wa zama hizi, akainua simu apige picha, na mimi kwa haraka nikaushika mkono wake, kwa maana niliiona ile kamera ya dirishani mwa chuo. Nilidhani nimetenda uungwana.

Kijana akasema, "Mwache apige, mzee. Watu wote hupiga. Lakini akiionyesha kwa wenzake aseme ni Ol Kokwa, Baringo. Asiseme ni mafuriko tu."

Nimelifikiri neno hilo tangu siku ile. Miaka hamsini nilishika kwamba kosa la wale watalii wa chuoni lilikuwa kupiga picha. Huenda kosa lilikuwa ni kule kutouliza. Laiti mmoja wao angalibisha hodi, akauliza chuo hiki chaitwaje na mwalimu ni nani, labda mwalimu wetu angalimkaribisha kwa kahawa, naye angalitaka picha ile ipelekwe kokote mradi jina la mtaa wetu liandikwe chini yake. Labda pia angalimfukuza. Lakini uamuzi ungalikuwa wake.

Na hapa ndipo ninapoona faida ya safari ya kukatiwa kwa kipimo, nayo siyo ile inayotajwa na wauzaji. Wao husema: kirongozi atafanya utakavyo wewe. Mimi nasema thamani yake ni kwamba unapatikana wakati wa kirongozi kusema atakalo yeye. Mtu mwenye watu kumi na wanne katika boti hawezi kuzima injini juu ya nyumba ya mamake. Ana ratiba, ana dalali anayemngoja ufukweni na kundi jingine.

Nimemtaja dalali. Safari yetu mkwe aliinunua kwa mtu wa mjini, na bei haikuwa ndogo. Tulipokuwa tunakula samaki nilimuuliza kijana, kama tunavyoulizana sisi wa pwani bila ya haya, yeye katika fedha ile anapata nini. Akanitajia. Hata robo haikumfikia, na mafuta ya boti yalikuwa juu yake. Mkwe wangu aliona aibu kana kwamba yeye ndiye aliyekula zile nyingine. Sitaki kuwasema madalali wote, maana wapo wanaofanya kazi, na hata hapa Mombasa wako wanaomtafutia kijana wageni mwaka mzima. Lakini wewe unayekwenda, na hasa wewe unayejua ladha ya kuonyeshwa kama kitu, uliza kabla ya kulipa: nani atatuchukua, ni mwenyeji wa wapi, na atapata ngapi. Au fika mwenyewe Kampi ya Samaki ukodi kwa mwenye boti, na jaketi za kujiokolea uzikague kwa mkono wako. Ziwa lina viboko na mamba na upepo. Na wenzetu wa pwani tuache ile tabia ya kupunguza bei mpaka mtu akose la kusema. Dukani ni biashara, lakini huyu amekuuzia siku moja ya umri wake.

Kuna watakaosema kwamba sisi hatuna haja ya volkano, kwamba mtu akiwa na fedha ya kutembea heri aiweke kwa Umra. Umra ni Umra, wala haishindani na kitu. Lakini Qur'ani yenyewe yatuhimiza tutembee katika ardhi tutazame na tuzingatie, na sijapata kusikia kwamba ardhi hiyo yaishia Mariakani. Babu zetu walikwenda Baringo kwa miguu kutafuta pembe. Sisi twaweza kwenda kwa gari kwenda kusikiliza.

Tulirudi ufukweni jua likielekea magharibi. Shemeji yangu alimlipa kijana zawadi yake mkononi, akamwambia aje Mombasa naye atamtembeza Mji wa Kale, yeye awe ndiye kirongozi. Kijana akacheka, akasema bahari hajaiona maishani mwake. Akaniuliza kama nayo hupanda.

Nikamwambia hujaa mara mbili kila siku, na mara mbili hupwa.

"Hurudi chini kabisa?"

"Hurudi. Watoto huenda wakacheza mpira pale yalipokuwa maji."

Akayatazama maji nyuma yetu, akaanza kuifunga boti.