Vifurushi vya Uchapishaji: Madai Yasiyosimama

Kuanzia Maua hadi Kiritiri, kijana mwenye mswada hafiki mbali siku hizi kabla hajakutana na mshauri. Atamkuta kwenye kundi la WhatsApp, kwenye warsha ya Jumamosi katika ukumbi wa kanisa mjini Meru, au kwenye kongamano la wanafunzi huko Embu. Mshauri ana kifurushi: lipa, nasi tutahariri, tutasanifu jalada, tutakutafutia ISBN na kukuchapishia nakala zako. Madai yanayouza kifurushi hicho mmeyasikia. Tuyapime, kisha nyinyi mtoe hukumu.

Linaloumiza zaidi ni lile la kwamba wachapishaji wa Nairobi hawagusi kazi ya mtu wa huku, kwa kuwa wao wanajali vitabu vya shule tu. Nusu yake ni kweli, na ni haki kulikubali hilo. Wachapishaji wengi wa Kenya huishi kwa vitabu vya kiada, na majibu yao kwa mwandishi mgeni huchelewa au hayaji kabisa. Lakini kuchagua sana si sawa na kukataa wote. Historia ya Wameru ya Alfred M'Imanyara ilitolewa na Longman Kenya mwaka 1992. Kitabu cha Daniel Nyaga kuhusu mila za Wameru kilitolewa kwa Kiingereza na East African Educational Publishers mwaka 1997. Kabla yao, katika miaka ya 1970, H.S.K. Mwaniki alikusanya masimulizi ya historia ya Embu na Mbeere, na East African Literature Bureau ikayachapisha. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichokuwa kitabu cha hesabu cha darasa la nne. Anayesema hayo ni ya zamani aitazame tuzo ya fasihi ya Kiswahili ya Safal-Cornell, iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell: inapokea miswada ambayo haijachapishwa, na washindi hupewa fedha, hawatozwi.

Sikilizeni sasa mshauri yuleyule anavyoendelea. Baada ya kuwalaumu wachapishaji kwa kufuata shule, anamwahidi mteja wake kwamba kitabu kitakuwa kitabu teule cha fasihi na kusomwa nchi nzima. Njia ya kufika huko hupitia Taasisi ya Ukuzaji Mitaala ya Kenya, KICD, ambako kitabu hutathminiwa na kushindanishwa na vya wachapishaji walewale aliowaponda. Kwa hiyo dai la kwanza linakwambia uachane na soko la shule, na la pili linakuuzia soko hilohilo. Hayawezi kuwa kweli yote mawili.

Akibanwa hapo, humtaja Kithaka wa Mberia. Hoja yenyewe ina uzito: ni mzaliwa wa Tharaka, mashairi na tamthilia zake zimetoka kwa Marimba Publications, kampuni yake mwenyewe, na *Kifo Kisimani* cha mwaka 2001 kikaja kuwa kitabu teule cha shule za sekondari. Yeye hakumngoja mtu, wanasema, nawe usingoje. Lakini angalieni alichokifanya hasa. Alikuwa mhadhiri wa isimu katika Chuo Kikuu cha Nairobi, mtu ambaye kazi yake ya kila siku ilikuwa lugha. Jina la mchapishaji kwenye vitabu vyake ni lake. Haki ni zake, na kitabu kikiuzwa, faida ni yake. Mwandishi Gakaara wa Wanjau kule Karatina alifanya vivyo hivyo: alikuwa na mtambo wake wa kupiga chapa. Hawa wawili waligeuka kuwa wachapishaji. Mwenye kifurushi anageuzwa mteja.

Nimesoma mkataba mmoja wa aina hii, uliosainiwa na kijana wa Runyenjes. Ukurasa wa pili unamtaka alipe kiasi chote kabla kazi haijaanza. Hakuna tarehe ya kukabidhi vitabu. Hakuna kifungu kinachoilazimu kampuni kumfikishia muuza vitabu hata nakala moja. Kipo, hata hivyo, kifungu kinachoipa kampuni haki za kitabu kwa miaka kadhaa. Kampuni iliyokwisha kulipwa na mwandishi haina sababu ya kumtafuta msomaji, na sijaona ushauri wowote wa watu hawa unaoligusa jambo hilo.

ISBN nayo huuzwa kama muhuri wa ubora. Si kweli. Ni namba ya utambulisho, na nchini Kenya hutolewa na KNLS, shirika la maktaba la taifa. Inaonyesha mchapishaji ni nani. Haisemi lolote kuhusu ubora wa yaliyomo. Mwandishi anaweza kuiomba mwenyewe. Ikiombwa na kampuni ya kifurushi, basi kampuni hiyo ndiyo itakayoorodheshwa kama mchapishaji wa kitabu ulichokigharamia wewe.

Dai la kusajili hakimiliki kabla ya kumwonyesha mtu mswada nitalipitia haraka. Chini ya Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, kazi hulindwa tangu inapoandikwa, na ulinzi huo hudumu maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada yake. Usajili kwenye Bodi ya Hakimiliki ni ushahidi mzuri wakati wa mgogoro. Haki yenyewe unayo tayari.

Kisha kuna dai la programu ya kompyuta itakayochukua nafasi ya mhariri. Andikeni: "Vitabu yangu ambao nilinunua zimepotea." Kikagua tahajia kitaipitisha, kwa kuwa kila neno limeendelezwa sawasawa, ingawa upatanisho umeharibika mwanzo hadi mwisho. Programu za akili bandia hukamata makosa kama hayo, ni kweli. Lakini zikiachiwa mswada, mzee wa Igembe ataongea kama msomaji wa taarifa ya habari, na mama wa Mbeere naye vivyo hivyo. Mhariri anajua kosa lipi ni la mwandishi na lipi ni la mhusika.

Mwisho wanasema: weka Amazon, ulipwe dola. Lile fungu la mwandishi la asilimia 70 linalotangazwa ni la kitabu cha kielektroniki cha bei kati ya dola 2.99 na 9.99, tena kikiuzwa katika nchi zilizoorodheshwa. Kenya haimo, kwa hiyo msomaji wa Nkubu akikinunua kwa dola 5, fungu lako ni asilimia 35, yaani dola 1.75. Mauzo ya Marekani nayo hukatwa kodi ya asilimia 30, kwa sababu Kenya haina mkataba wa kodi na nchi hiyo. Mshauri anayeahidi dola aombwe taarifa ya mauzo ya kitabu chake mwenyewe, ya mwezi mmoja tu, kabla hujamtumia hela.