Maharage ya Nyumbani

Wako watoto wadharauo maharage, wakisema ni chakula cha maskini. Wamekosa. Maharage na ugali vikiliwa pamoja huujenga mwili vema kuliko kila kimoja peke yake.

Maharage makavu yakilowekwa usiku kucha, na asubuhi maji yale yakamwagwa na kutiwa mapya, huiva upesi. Lakini sharti yachemke sana, kwani yasiyoiva huumiza tumbo. Kuni zikipungua jikoni, mzigo hupungua kichwani mwa mama.

Basi mtoto ayalowekaye jioni bila kuambiwa humsaidia mama yake kuliko yule ausifuye upishi wake kwa maneno matupu. Naye chungu kiepuliwapo, hula kwa furaha, maana mkono wake umo.