Silaha Kutoka Shimo la Majani

Tarehe 1 Januari 2006 Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibiotiki zilizokuwa zikichanganywa katika chakula cha mifugo ili wanenepe upesi. Sababu ni dhahiri: bakteria waliozoea dawa zizini waweza kuwa sugu pia katika mwili wa binadamu. Mwaka 2019 bakteria sugu waliua watu wapatao 1,270,000 duniani. Na askari mwenye jeraha hana kinga ya pekee.

Wataalamu sasa wanachunguza sileji, yaani majani yaliyoshindiliwa shimoni na kufunikwa yasipate hewa, hata yakachacha. Humo baadhi ya bakteria hutoa protini ndogo ziitwazo bakteriosini, zitoboazo utando wa bakteria wengine, hasa jamaa zao. Listeria, aletaye maradhi kwa kondoo waliolishwa sileji mbovu, ni mmoja wa wanaouawa.

Hata hivyo tusishangilie mapema. Nisini, iliyo mashuhuri kati ya protini hizo, huhifadhi jibini vyema, lakini tumboni humeng'enywa kama nyama. Silaha hii yaweza kulinda ghala. Haijashika zamu ya antibiotiki hospitalini. Basi tuzitunze zilizopo: mgonjwa afuate dozi ya daktari, na polisi wazuie dawa za magendo.