Nyota ya Begani Haina Dalali

Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likitoa tangazo la nafasi, huzuka na tangazo la pili ambalo halijaandikwa popote. Hilo husambaa vijiweni na kwenye makundi ya WhatsApp, na wanaolitangaza hujiita wazoefu: huyu aliwahi kufika usaili, yule ana binamu yake kambini. Kijana anayetamani kuwa ofisa hulisikiliza hilo kuliko lile lenye mhuri. Nimeyachukua madai yanayorudiwa zaidi niyajibu. Sitayapa nafasi sawa, maana mengine hayastahili zaidi ya mistari miwili.

"Bila mtu huingii." Hili ndilo mama wa yote. Sitasema upendeleo haujawahi kutokea katika ajira za umma nchini. Nikisema hivyo mtaniacha hapa hapa. Ninachobisha ni hatua inayofuata, kwamba basi yupo mtu wa kukuuzia nafasi. Angalia biashara yenyewe inavyokwenda. Simu inaita, anayeongea ni "afande wa makao makuu", anakutajia majina yako matatu na shule uliyosoma. Unashtuka kwamba anakufahamu, kumbe uliyaandika mwenyewe kwenye kundi la waombaji. Anaanza na hela kidogo ya kufungua faili. Baada ya wiki ni hela ya vipimo. Kisha inakuja barua yenye nembo na tarehe ya kuripoti, pamoja na dai kubwa kuliko yote la sare na nauli. Siku ukifika getini na barua ile, anayehojiwa ni wewe. Na usitegemee kwenda kushtaki ukiwa na amani, kwa sababu Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya 2007 inamtia hatiani anayetoa sawa na anayepokea. Tapeli anajua utanyamaza. Mtaji wake ni huo.

Halafu jiulize, hata kama dalali huyo angekuwa wa kweli, angekuuzia nini hasa? Mlango si mmoja. Kuna nyaraka, kuna usaili, kuna daktari, kuna upekuzi, kuna mafunzo ya awali, kuna mchujo mwingine wa kuwapata maofisa wanafunzi, na baada ya hapo kuna chuo cha kijeshi cha Monduli, ambako mtu hupimwa kila siku mbele ya wenzake. Angelazimika kuwanunua wote hao kwa laki tatu zako.

"Jeshi ni la waliofeli." Wanaosema hivi wanamfikiria mlinda geti. Chuo cha Kijeshi Monduli sasa kinatoa shahada ya sayansi ya kijeshi kwa kushirikiana na Chuo cha Uhasibu Arusha, lakini tuache vyeti tuangalie kazi. Luteni usu, mwenye nyota moja, hupewa platuni, watu kama thelathini. Chukua zoezi dogo la usiku. Platuni inatakiwa iwe kwenye kivuko saa kumi na moja alfajiri, umbali ni kilomita sita porini. Gizani, na mizigo mgongoni, ukienda kilomita mbili kwa saa umefanya vizuri. Hizo ni saa tatu. Ongeza dakika kumi za kupumzika kila saa, inakuwa saa tatu na nusu. Kwa hiyo mnaondoka saa saba na nusu usiku, na hapo bado hujahesabu maji, mgonjwa wa njiani, wala kosa la dira ambalo kwa nyuzi chache tu linakutoa mamia ya mita nje ya njia. Yote hayo uyaeleze kwa sauti tulivu mbele ya meza ya mchanga, kwa mpangilio: hali ikoje, jukumu ni lipi, litatekelezwaje, chakula na majeruhi vitashughulikiwaje, nani anashika uongozi ukianguka wewe. Aliyekimbia hesabu na jiografia shuleni hapa hana pa kujificha.

Nije kwenye dai lililoumiza vijana wengi: "Ukimaliza JKT, ajira ya jeshi ni haki yako." Jeshi la Kujenga Taifa (JKT) lilianzishwa Julai 1963 kwa ajili ya malezi ya vijana. Mafunzo ya mujibu wa sheria yalisitishwa 1994, yakarejea 2013 kwa wahitimu wa kidato cha sita. Wa kujitolea nao huingia kwa mkataba wenye mwisho. Ni kweli kwamba matangazo ya JWTZ hutaka mwombaji awe amepitia JKT na kutunukiwa cheti. Lakini sharti la kuomba si ahadi ya kupata, na hapo ndipo wazoefu wa kijiweni wanapowapoteza watu. Aprili 2021, Mkuu wa Majeshi wa wakati huo, Jenerali Venance Mabeyo, alitangaza kwamba vijana zaidi ya 800 wa JKT wameondolewa kambini baada ya kugoma na kutaka kuandamana kwenda kudai ajira waliyoamini wameahidiwa. Mwaka uliofuata Rais Samia Suluhu Hassan aliwasamehe. Mimi nawaonea huruma vijana wale. Walifanya kazi ngumu na walikuwa na matumaini. Ila anayetaka kamisheni aelewe uzito wa kosa lenyewe. Jeshi letu lilizaliwa Septemba 1964 kutoka kwenye majivu ya maasi ya Januari mwaka huo, askari wa Tanganyika Rifles walipodai mishahara na kuondolewa kwa maofisa wa Kiingereza. Tangu hapo, madai ya pamoja ya watu wa sare hayachukuliwi kama mgomo wa kiwandani. Nenda JKT kwa ajili ya unachokipata JKT, na uwe na mpango mwingine mfukoni.

Dada wa dai hilo ni hili: "Ukianzia kuruta umejifungia njia ya uofisa, subiri waite wenye digrii moja kwa moja." Kwetu, kwa kawaida, mwenye digrii naye huanza kama kuruta. Hufyeka, hukimbia, hukaripiwa, kisha ndipo huchujwa kwenda Monduli. Na historia inamkana msemaji huyu waziwazi. Ni kweli Mirisho Sarakikya, Mtanzania wa kwanza kuliongoza jeshi, alipitia Sandhurst kule Uingereza. Lakini David Musuguri aliandikishwa katika jeshi la kikoloni la King's African Rifles mwaka 1942 kama askari wa kawaida, akapelekwa Madagascar wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Alipanda ngazi moja moja katika jeshi ambalo kwa miaka mingi halikumpa Mwafrika kamisheni. Mwaka 1979 alikuwa akiiongoza Divisheni ya 20 vitani ndani ya Uganda, na kuanzia 1980 hadi 1988 alikuwa Mkuu wa Majeshi. Alifariki Oktoba 2024 akiwa na miaka 104.

"Vyeti vina kasoro? Vitarekebishwa mbele ya safari." Havitarekebishwa. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne na cha JKT, usome herufi kwa herufi. Kimoja kinasema Rashid, kingine Rashidi. Kimoja kina jina la babu, kingine hakina. Tarehe ya kuzaliwa imepishana kwa miaka miwili kwa sababu mwalimu mkuu alikadiria. Mambo haya yana taratibu zake RITA na NIDA, na huchukua muda mrefu kuliko dirisha la maombi linavyobaki wazi. Yaanze leo, kabla ya tangazo. Anayekushauri upunguze umri anakupa kosa la jinai litakalokaa kwenye faili lako maisha yote, likikusubiri siku unayotaka kupandishwa cheo. Na kwa kuwa matangazo ya miaka ya karibuni yametaka barua iandikwe kwa mkono, usimpe dada yako mwenye mwandiko mzuri akuandikie.

"Misuli kwanza." Gym hujenga kifua, kinachowaangusha wengi ni pumzi na miguu. Anza kukimbia miezi kadhaa kabla, taratibu, kwenye udongo, maana anayeanza wiki mbili kabla huwa anafika na maumivu ya ugoko. Kama una pumu au sikoseli, mwambie daktari. Kuficha kunaweza kukuua juani, na hilo si neno la kutishia.

"Wasichana watapewa ukarani tu." Mei 2024 jirani zetu Kenya walimkabidhi Meja Jenerali Fatuma Ahmed ukamanda wa Jeshi lao la Anga. Tuendelee.

"Ofisa hapigani, anakula posho za Umoja wa Mataifa." Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur. Agosti mwaka huo huo, karibu na Goma huko Kongo, aliuawa Meja Khatibu Mshindo. Oktoba akafuata luteni, huko huko Kongo. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya Semuliki, Kivu Kaskazini, ilivamiwa, na askari wetu wasiopungua 14 wakapoteza maisha. Ongea na mzazi wako kuhusu vifo vya namna hii kabla hujatia saini, si baada.

Limebaki la usaili: "We sema tu unaipenda nchi, yatosha." Kila aliyeko kwenye foleni atasema hivyo, na wasaili wamekwisha kulisikia tangu asubuhi. Wataje majirani wanane wa Tanzania bila kukwama, ujue jeshi letu lilikwenda Comoro mwaka 2008 kufanya nini, kisha jiandae kwa swali gumu kuliko hayo: ni lini uliwahi kuongoza watu, hata kama ni timu ya mtaa, na mmoja wao akakataa kukutii? Ulifanyaje? Ukiwa huna jibu, una miezi kadhaa ya kwenda kulitafuta: kwenye chama cha wanafunzi, kwenye kwaya, kwenye kikundi cha kuchimba mtaro wa kijiji.