Kisingizio cha Majukwaa Matupu

Imani iliyoenea miongoni mwa wapenzi wa michezo, na inayosikika Ifakara na Mlimba kama inavyosikika Dar es Salaam, ni kwamba timu za wanawake hufa kwa sababu watu hawaendi kuzitazama, na kwamba kwa hiyo mji wa Bonde la Kilombero, mkoani Morogoro, hauna sababu ya kuanzisha timu ya wanawake ya mpira wa kikapu pasipo uhakika wa viingilio. Imani hiyo ni potofu, tena inadhuru, kwa kuwa inawatwisha watazamaji na wachezaji lawama inayomstahili mmiliki.

Historia ya WNBA, ligi ya kulipwa ya wanawake ya Marekani iliyoanza kuchezwa mwaka 1997 ikiwa na timu 8, inatosha kuipinga. Katika ligi hiyo timu haipandi wala haishuki daraja. Mmiliki hupewa haki ya ushiriki, yaani kibali cha kuendesha timu katika mji fulani, ambacho anaweza kukiuza, kukihamishia mji mwingine au kukirudisha kwa ligi. Mwishoni mwa mwaka 2002 ligi iliacha kuzimiliki timu kwa pamoja na kuziacha mikononi mwa wamiliki mmoja mmoja, na kabla ya msimu uliofuata timu za Miami na Portland zilivunjwa, huku za Utah na Orlando zikihamishwa. Haiingii akilini kwamba mashabiki wa miji 4 iliyo mbalimbali walichoka wote kwa wakati mmoja. Kilichobadilika ni umiliki. Hata ubingwa haukuwa kinga: Houston Comets, waliotwaa mataji 4 ya kwanza ya ligi hiyo mfululizo, walivunjwa mwaka 2008 baada ya kukosekana mnunuzi.

Kisa cha Detroit kinaumiza zaidi. Mchezo ulioipa Detroit Shock ubingwa wa mwaka 2003 ulihudhuriwa na watu 22,076, na ubingwa ukarudi tena mwaka 2006 na 2008. Lakini Machi 2009 mmiliki wake, Bill Davidson, alifariki, na kabla ya mwaka huo kwisha timu ilikuwa imeshahamishiwa Tulsa, ambako nako haikukaa, kwani mwaka 2016 ilikwenda Dallas. Mwaka 2025 ligi hiyohiyo ilitangaza kwamba Detroit itapata timu upya, pamoja na Cleveland, iliyopoteza ya kwake mwaka 2003, na Philadelphia, kila moja kwa ada ya dola milioni 250. Miji iliyoambiwa kwamba soko halipo sasa inauziwa soko hilohilo kwa bei kubwa.

Viingilio vina umuhimu wake, na hakuna timu inayoweza kuishi milele bila watazamaji. Lakini timu changa, iwe ya wanaume au ya wanawake, huanza kwa hasara, na hatima yake huamuliwa na yule anayeibeba hasara hiyo na sababu yake ya kuibeba. Katika kikapu cha wanawake Dar es Salaam, majina ya JKT Stars na Don Bosco Lioness yanatangaza yenyewe walezi wao: jeshi na shirika la kitawa, taasisi ambazo hazikuundwa zitegemee tiketi. Mkoani Morogoro kwenyewe, Mtibwa Sugar ilitwaa ubingwa wa soka wa Tanzania mwaka 1999 na 2000 ikiwa timu ya kiwanda, mbali na majukwaa ya jiji, na hakuna aliyedai kwamba ushindi huo ulilipiwa na viingilio.

Bonde la Kilombero lina kiwanda chake cha sukari Kidatu, lina vyama vya wakulima wa miwa na mpunga, na lina taasisi ya utafiti wa afya ambayo mizizi yake ni maabara iliyoanzishwa Ifakara katika miaka ya 1950, ambayo imebadili jina zaidi ya mara moja na kufungua ofisi miji mingine bila kuliacha jina la Ifakara. Utafiti wa malaria haukudumu huko kwa kusubiri wenyeji walipe mlangoni. Ulidumu kwa sababu waliouendesha walikuwa na sababu ya kubaki. Timu ya wasichana ingehitaji mwenye sababu kama hiyo, pamoja na mkataba unaomzuia kuihamisha au kuivunja kabla ya kuiachia jamii nafasi ya kuichukua.

Msichana wa Detroit aliyekuwa na miaka 10 timu ilipoondoka atakuwa na miaka 30 timu mpya itakapoanza kucheza mwaka 2029. Msichana wa Kilombero anayeng'ara katika UMISSETA, mashindano ya shule za sekondari, ana miaka michache tu baada ya kidato cha nne kabla ya mpira kumponyoka, na miaka hiyo inapita sasa, wakati wakubwa wake wakiendelea kujadili kama kuna watu watakaokwenda kumtazama.