Ajali barabara ya Kusini: walioshuhudia nani anawahesabu?



Ikitokea ajali kubwa barabara ya Kusini huwa tunasubiri mambo mawili tu: wamekufa wangapi, majeruhi wangapi. Kamanda anaongea na waandishi, chanzo mwendo kasi, habari imeisha. Mimi nauliza hivi: wale waliowatoa watu kwenye mabati wako kundi gani?

Kumbukeni Machi 2018 kule Mkuranga. Usiku, Hiace na lori viligongana, watu zaidi ya 20 wakafa. Kwenye ajali kama ile anayewahi kufika si gari la wagonjwa. Ni dereva wa bodaboda, muuza machungwa, mama ntilie. Ndivyo ilivyo Jaribu, Bungu, Kibiti mpaka Ikwiriri. Mtu anavuta majeruhi kwa mikono mitupu, mama anavua khanga yake anafunika maiti. Kesho yake abiria aliyepona yuko kwao, lakini yule mama yuko pale pale anakaanga chapati, na kila breki ikilia anaruka.

Zamani huku tulivuka Rufiji kwa kivuko. Mwaka 2003 Daraja la Mkapa likafunguliwa, lami ikafuata, na biashara ikasogea barabarani. Hakuna anayeilaumu lami, jamani. Ila mwendo umeongezeka na riziki yetu iko hatua chache tu kutoka kwenye magurudumu.

Halafu kuna jingine. Kibiti na Rufiji ndiko yalikotokea mauaji ya 2016 na 2017, wakiwemo askari polisi 8 waliouawa Aprili 2017. Kuna watu huku walishaona damu kabla ya ajali yoyote. Kiwewe hakifutiki kwa kuwa kimepata mwenzake. Kinarundikana.

Sisi tunasemaje? "Kashtuka tu, atazoea." Mara nyingi kweli anazoea. Kukosa usingizi, kuota tukio, kutetemeka, siku za mwanzo ni kawaida na wengi hupona bila dawa. Lakini ukipita mwezi mtu bado analiona tukio macho wazi, anakwepa barabara, anamfokea kila mtu au ameanza kuzima mawazo kwa pombe, hiyo si woga. Ni ugonjwa na unatibika. Tatizo ukitaja afya ya akili, watu wanawaza Mirembe, Dodoma. Basi kijana ananyamaza asiitwe kichaa.

Mwaka 2011 Shirika la Afya Duniani na wenzake walitoa mwongozo wa kumsaidia mtu wa namna hii. Kwa kifupi: angalia anahitaji nini, msikilize, muunganishe na ndugu au wahudumu. Usimlazimishe kusimulia. Mtu akitaka kukaa kimya, kaa naye kimya, mpe maji, msindikize nyumbani. Na nyie mnaorusha picha za maiti WhatsApp, mjue mnamrudisha yule kijana eneo la tukio kila simu ikilia.

Serikali nayo? Sheria ya Afya ya Akili tunayo tangu 2008. Ninachoomba kwa halmashauri za Kibiti na Rufiji hakihitaji jengo jipya. Baada ya ajali kubwa, mwenyekiti wa kijiji na mhudumu wa zahanati waandike majina ya waliookoa, na baada ya mwezi wawapitie: unalala? unakula? unafanya kazi? Anayekwama apelekwe hospitali. Na vijiwe vya bodaboda vipewe glovu na mafunzo ya huduma ya kwanza, maana ndio waokoaji wetu tupende tusitupende.

Tunawaita wasamaria wema, halafu tunawaacha na ndoto zao. Huo wema tunaulipa nini?

Wewe uliyewahi kushuhudia ajali, nini kilikusaidia? Tuambiane hapo chini, jina si lazima.